Mwalimu kaandika "hakuna neno kama hili" kwenye insha ya mwanangu. Neno lenyewe ni NDIA

Mama wa Kibokoni (mwenye uzi)

Asalaam aleikum wana Mvita, na wengine wote mlioko humu.

Nina jambo limenikaa kooni tangu Ijumaa. Mwanangu yuko gredi ya sita, shule siitaji. Walipewa insha ya siku mtu alipopotea sokoni. Akaandika ukurasa mzima na nusu, na mimi niliposoma niliona fahari. Sasa tazameni sentensi hii moja:

"Nilisimama ndiani huku matozi yakinitoka, nyanya akaniita, ndoo."

Kalamu nyekundu imezungushwa mara tatu: *ndiani*, *matozi*, *ndoo*. Pembeni kumeandikwa: "Hakuna neno kama hili." Alama kumi na moja kwa ishirini.

Mtoto huyu hakubuni. Mie narudi kazini magharibi, kwa hivyo akitoka shule hula kwa mamangu na kushinda kwake. Na mamangu, tangu nimjue, njia kwake ni ndia, machozi ni matozi, mchele ni mtele, kichwa ni kitwa, njaa ni ndaa, chini ni tini, kucheza ni kuteza. Ukimwambia "kichwa chaniuma" atakuelewa, ela yeye atasema "kitwa". Hivyo ndivyo alivyolelewa na ndivyo alivyonilea.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Nyumba yetu haiko mbali na Ndia Kuu. Jina la barabara hiyo walijua hata watalii wanaotoka Ngome ya Yesu wakapita wakipiga picha milango ya nakshi. Mtoto wangu huipita kila asubuhi akienda shule hiyo hiyo, kisha aambiwe neno halipo.

Sikatai afundishwe sanifu. Mtihani ni wa sanifu na mie nataka apite. Lau mwalimu angeandika "hapa tumia njia, machozi, njoo", ningenyamaza na ningemshukuru. Ni hilo neno "hakuna" nisiloweza kulimeza. Mtoto alirudi nyumbani akamwambia nyanyake, "Kumbe maneno yako si ya kweli." Mamangu alinyamaza. Mnajua mtu mzima anavyonyamaza.

Halafu wiki hiyo hiyo shule ikatuma ujumbe kwa wazazi: "Kila mzazi ako na ruhusa ya kuja na mtu ingine." *Ako. Mtu ingine.* Hayo hayakuzungushiwa na yeyote. Nami mambo haya hunikera toka zamani: "kuja hapa" badala ya "njoo hapa", "mtoto yangu", "kitu ingine", "mimi huendanga", "masaa mbili". Hayo ndiyo makosa ya kweli.

Nisaidieni. Je, mie ndiye ninayetia chumvi? Na nyinyi, ni maneno yapi mkiyasikia mwasononeka?

---

Mtu wa Tuktuk

Hutii chumvi dadangu. Abiria akiniambia "nipeleke Ndia Kuu" naenda Ndia Kuu. Akiniambia "Njia Kuu" namuuliza ipi.

---

Mwalimu wa Kisauni

Dada, pole. Nasema nikiwa mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Bara, mwaka wa tisa sasa niko Pwani.

Kwanza niwatetee walimu kidogo. Mtoto huyu siku moja atafanya mtihani wa taifa, na karatasi yake itasahihishwa na mtu ambaye pengine hajawahi kukanyaga Kibokoni. Msahihishaji ana mwongozo mezani. Mwongozo ni wa sanifu. Nikimwachia mtoto "matozi" leo, nimemtuma huko mbele bila kumwonya. Kwa hiyo kalamu nyekundu ilikuwa na kazi yake.

Ila "hakuna neno kama hili" si usahihishaji. Ni kusema jambo ambalo si kweli. Na naona haya kwa sababu nami nimewahi kufanya hivyo. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuta mtoto kaandika "Waenda wapi?" Nikaikata. Nilidhani kakosea, kwamba alitaka kuandika "wanaenda". Kumbe anamuuliza mwenzake, *wewe waenda wapi*, na wakati -a- umo katika vitabu vyetu vya sarufi, naufundisha mwenyewe: naenda, waenda, aenda, twaenda. Bara tumezoea -na- kila mahali hadi -a- tukiisikia twaona kama mtoto kameza herufi. Darasa zima la watoto wa Pwani lilikuwa likisema sanifu, na mimi nikiwakata alama. Kilichonifungua macho ni mzazi aliyekuja na daftari, kama wewe.

"Yuaja" nayo niliikata. Hiyo si sanifu, lakini si kosa la kutojua pia. Ni Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya Mombasa.

Ushauri wangu: nenda umwone mwalimu. Nenda na daftari, usiende na hasira.

---

Aliyehamia Dar

Mimi ni wa Majengo, Mombasa, nina miaka kumi na miwili Dar. Hiyo sentensi ya mtoto ingesomwa huku, wangekwama kwenye neno ambalo mwalimu wenu hakuligusa kabisa: *nyanya*. Huku nyanya ni ya kutia kwenye mchuzi. Mama mzaa mama ni bibi. Na nyanya ya mchuzi, ukivuka Unguja, waiita tungule.

Nilipofika tu, jirani aliniuliza kama nimeoa. Nikamwambia bibi yangu yuko Mombasa, ana miaka ishirini na nne. Alinitazama kwa muda mrefu. Kwetu kumwita mke bibi ni jambo la kawaida, kwake nimemwambia nyanyangu ana miaka ishirini na nne.

Lakini lililonigharimu si hilo. Ni "nipe". Nilikuwa naingia mkahawani, ambao huku ni mgahawa, nasema "nipe chai" kama nilivyozoea kusema nyumbani tangu utotoni, na sauti si kali hata kidogo. Nilikuwa nawaudhi watu bila kujua. Huku mtu husema "naomba chai". Mhudumu mmoja mama mtu mzima ndiye aliyenikalisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nyinyi Wakenya mnaamrisha." Nikamweleza kuwa kwetu "nipe" si amri. Akaniambia, "Naelewa, lakini hapa uko kwetu." Tangu siku hiyo naomba. Nikirudi Mombasa kwa mapumziko, mamangu hucheka nikisema naomba maji, aniuliza kama nimekuwa mgeni nyumbani.

Kwa hiyo mimi neno linalonikera sina tena. Kila nililodhani ni kosa nimelikuta mahali linapokaa.

---

Bamburi Mtambo

Mama wa Kibokoni, nakuheshimu na sitaki ugomvi, lakini nimesoma post yako mara mbili na kuna kitu kimeniuma.

Mimi nimezaliwa Nairobi, Eastlands, nimeolewa huku Mombasa. Baba ni Mluhya, mama ni Mkamba, nyumbani tulikuwa tunaongea Kiswahili tu, kwa sababu ndiyo lugha pekee wazazi wangu walikuwa nayo pamoja. Hiyo ndiyo lugha yangu ya kwanza. Sina nyingine. Na kwa hiyo lugha, mtu *ako* mahali. Mtoto anaambiwa *kuja*. Mamangu aliniita "kuja hapa" na akanikumbatia na hilo neno.

Sasa wewe unasema "ndia" ni tofauti, na "ako" ni kosa la kweli. Nani amepima? Umeumia kwa sababu mtu amemwambia mtoto wako maneno ya nyanyake hayapo. Halafu mistari miwili chini unaambia mimi maneno ya mamangu ni makosa. Mimi wakwe zangu hapa wananisahihisha mbele ya watoto wangu kila siku. Watoto wangu wameanza kunisahihisha pia.

Najua sanifu, nimeipita mtihani. Nauliza tu.

---

Mtu wa Tuktuk

Hapa kuna swali.

---

Mzee wa Kuze

Wanangu, niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwani swali hili ni kongwe kuliko shule ya mtoto huyu.

Mwaka 1928 serikali za kikoloni ziliitisha mkutano hapa hapa Mombasa, kuamua ni Kiswahili cha wapi kitakachoandikiwa vitabu vya shule. Wamishonari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, walikitaka Kimvita. Walikuwa wamekaa nacho tangu mmishonari wao Krapf alipofika hapa mwaka 1844, na kamusi yake, iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, imejaa Kiswahili cha mji huu. Wale wa UMCA, chama kingine cha wamishonari, waliokuwa na makao Unguja, walikitaka Kiunguja. Kiunguja kikashinda. Misafara ya biashara ilikwisha kukifikisha mbali, hadi Tabora na Ujiji, na Tanganyika nzima ilikuwa ikikitumia maofisini na shuleni. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, vitabu vyote vikawa vinapitishwa huko vinyooshwe.

Sisi wa Mombasa jambo hili laingia moyoni kwa sababu uamuzi ulipitishwa katika mji wetu wenyewe. Wageni walikuja wakakaa, wakaondoka, na Kimvita kikabaki cha nyumbani na cha mashairi. Lugha aliyotungia malenga wetu Muyaka bin Haji ikawa ndiyo inayozungushiwa kalamu nyekundu.

Ela angalieni walichofanya. Walichagua lahaja moja ya kuandikia vitabu. Kimvita hawakukifuta, wala Kiamu cha Lamu, wala Kivumba cha Vanga na Wasini, wala Kijomvu cha hapo Jomvu. Anayeandika "hakuna" mwaka huu asiseme kayatoa kwenye uamuzi ule.

Na kuna tuliyopoteza ambayo hata kuandikwa hayaandikwi. Muulize mamako aseme kaa la moto, kisha aseme kaa wa pwani anayetembea ubavu. Msikilize vizuri. Yule wa pwani hutoka na pumzi, *k'aa*. Paa la nyumba na *p'aa* wa mwituni ni hivyo hivyo. Mwenye sikio hababaiki. Kitabuni yote mawili ni kaa, yote mawili ni paa, na vijana wetu wengi wa leo hawaisikii tena ile pumzi. Mie hilo ndilo linalonisononesha kuliko "ako" na kuliko "masaa".

---

Dobi wa Nyali

Nimefanya kazi ya udobi kwenye hoteli za ufuoni kwa miaka mingi, niongeze la Waingereza na Wamarekani, maana ndio tunaoambiwa lugha yao imenyooka.

Mgeni wa Marekani alijaza karatasi ya dobi: "pants", tatu. Aliyetufundisha kazi alikuwa amejifunza Kiingereza cha Uingereza, na huko "pants" ni chupi. Tukafungua mfuko, mna suruali tatu za kitambaa, chupi hakuna. Tukapiga simu chumbani kusema kuna nguo zimepotea. Mgeni akashuka mwenyewe, akatuonyesha suruali zake mezani: "Hizi hapa." Kwao suruali ndiyo "pants".

Ghorofa nayo ni hivyo hivyo. Mwingereza akisema "first floor" ni ile iliyo juu ya ile ya kuingilia, kama tunavyohesabu sisi. Mmarekani akisema "first floor" ni pale pale mlangoni. Nimewaona watu na mizigo yao wamesimama mbele ya chumba kisicho chao kwa sababu hiyo. Chipsi pia: Mwingereza akiagiza "chips" anataka viazi vya moto vya kukaanga, kama vyetu. Mmarekani anamaanisha zile kavu za pakiti.

Na wanakereketwa kama sisi. Niliwahi kumsikia mzee wa Kiingereza akilalamika mezani kwamba Wamarekani wameiharibu lugha kwa kusema "gotten". Baadaye nilikuja kusoma kwamba neno hilo lilikuwa likisemwa Uingereza kwenyewe zamani. Waingereza ndio walioliacha, wenzao waliovuka bahari wakalihifadhi. Yaani alichokiita uharibifu kilitoka kwa babu zake.

Tofauti na sisi ni moja. Noah Webster alitoa kamusi yake kubwa ya Kimarekani mwaka 1828, miaka mia kamili kabla ya mkutano alioutaja Mzee wa Kuze. Akashikilia "color" bila ile "u" ya Uingereza. Leo mtoto wa Chicago akiandika "color" hakuna mwalimu wake anayemwambia neno halipo. Wana kamusi mbili na wanaelewana. Sisi wa Mvita tulisubiri ya kwetu, hadi sasa kwenye dawati la mtoto sijaiona.

---

Mwalimu wa Kisauni

Dobi, ahsante. Mfano wa "gotten" nitautumia darasani.

Nimjibu Bamburi Mtambo kuhusu "ako", kwa kuwa nimeifikiria sana. Katika sanifu, nafsi ya tatu umoja tunasema *a*: a-nakula, a-lilala, a-na, a-takuja. Lakini kwenye mahali tunabadilisha ghafla: yu-ko, yu-po, yu-mo. Mtoto wa Nairobi alichofanya ni kuendeleza ile *a* hadi mwisho. A-na, a-likuwa, a-ko. Kwa hesabu ya kanuni, yeye ndiye aliyenyoosha. Ile *yu* ni mabaki ya mtindo mkongwe, na Kimvita kimeihifadhi, "yuaja", "yuala". Kwa hiyo dada wa Bamburi na mama wa Kibokoni wamekaa ncha mbili za kamba moja, na mimi mwenye kitabu niko katikati.

"Kitu ingine" kwangu ni tofauti kidogo. Hapo ngeli imeachwa. Kitu kingine, mtu mwingine, nyumba nyingine. Ngeli zikianza kuanguka, mtoto hushindwa kuelewa sentensi ndefu za kitabuni, hajui "kile" kinarudi kwa nini. Hilo nitaendelea kulisahihisha. Lakini nitasema "sanifu husema hivi". Sitasema "hakuna".

---

Aliyehamia Dar

"-nga" ya huendanga, mimi nilidhani ni ya vijana. Jirani yangu wa zamani, Mluhya, ndiye aliyenieleza kuwa inatoka kwenye lugha za nyumbani huko Bara, watu wanaipachika kwenye Kiswahili kuonyesha jambo la kila siku. Sisi tuna "hu-", huenda, hula. Waliosema "huendanga" wamevaa zote mbili.

---

Mama wa Kibokoni (mwenye uzi)

Nimesoma yote. Nilichelewa kujibu kwa sababu jibu la dada wa Bamburi lilinikalisha chini.

Dada yangu, umesema kweli, na nakuomba radhi hapa hapa mbele ya watu. Niliandika nikiwa na uchungu wa mamangu, nikamtia mamako uchungu huo huo. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu ambaye "kuja hapa" ndiyo aliyoitiwa na mamake. Kwangu ilikuwa ni Kiswahili cha mtu aliyejifunza ukubwani akakosea. Sikujua kuwa kuna waliozaliwa ndani yake.

Sitakudanganya kuwa sikio langu halitasumbuka tena. Nikisikia "ako" bado kutakuwa na kitu kinanichoma kidogo. Ela kuchomwa ni kwa sikio langu, si kosa la msemaji. Na kwa watoto wako kukusahihisha: wallahi, kama ungekuwa karibu, ningekuja kuwakalisha. Mama hasahihishwi mbele ya watu kwa lugha aliyomlelea mtu.

"Mtu ingine" kwenye barua ya shule, hapo bado nashikilia. Shule inayomkata mtoto kwa sanifu nayo iandike sanifu.

Mzee wa Kuze, nilimwambia mamangu aseme kaa la moto na kaa wa pwani. Kasema, nikasikia. Miaka yote hii nasikia bila kujua nasikia nini. Mwanangu alijaribu akashindwa, akarudia mara kumi, wakacheka wote wawili. Ndiyo mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Jumatatu nilienda shuleni na daftari. Mwalimu ni kijana, si mtu mbaya. Nilimwuliza anapita wapi akija kazini. Akasema anashukia stejini, kisha anakata kwa Ndia Kuu. Akanyamaza mwenyewe. Alama hakubadilisha, na sikumwomba abadilishe. Alichukua kalamu akakata yale maneno yake ya pembeni, akaandika "Kimvita. Sanifu: njia, machozi, njoo."

---

Bamburi Mtambo

Nimekubali radhi, dada. Asante. Nimesomea bwana yangu hii thread yote.

---

Mwalimu wa Kisauni

Jambo moja la mtihani kabla sijalala. Mwambie mtoto: maelezo yake mwenyewe ayaandike kwa sanifu, lakini mhusika anaposema, ndani ya alama za usemi, mhusika anaweza kusema kama anavyosema. Nyanya wa Kibokoni akisema "njoo, usisimame njiani" ndani ya insha, huyo si nyanya wa Kibokoni. Hiyo ni mbinu inayokubalika, na msahihishaji mzuri huipenda.

---

Mama wa Kibokoni (mwenye uzi)

Kaiandika upya jana usiku, bila kuambiwa mara mbili. Nimeinakili kama ilivyo:

"Nilisimama njiani huku machozi yakinitoka. Watu wa Marikiti walinipita na vikapu vyao. Kisha nikamsikia nyanya: 'Ndoo, mwanangu. Ndoo, usisimame ndiani peke yako.'"

Mamangu kaomba asomewe mara ya pili.